Kupanda Usambara kwa baiskeli: siku ya kumngoja aliye nyuma

Mgeni anayeingia Tanga kwa mara ya kwanza hakawii kutambua jambo moja: huu ni mji wa baiskeli. Ardhi yetu ya pwani ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na kuhesabiwa kwa nambari, na tangu enzi za wazee wetu watu wa rika zote wamekuwa wakitumia baiskeli kwenda sokoni, kazini, chuoni na msikitini. Hadi leo si ajabu kumwona mama aliyejistiri kwa buibui lake akipita kwa utulivu, kapu la mboga limefungwa nyuma kwenye keria, wala hapana anayegeuka kumtazama.

Hata hivyo, mambo yanabadilika. Kijana wa leo akipata fedha kidogo huiwazia bodaboda, na asipoipata huona haya kuonekana juu ya baiskeli ya baba yake. Chombo kilichowalea wengi wetu, kilichowapeleka baba zetu kazini na kuturudisha sisi madrasa jua linapokuchwa, kimeanza kuhesabiwa kuwa ni alama ya mtu asiyejiweza.

Jambo hili lastahili kutafakariwa, kwa kuwa wakati vijana wetu wanaionea haya baiskeli, wapo watu katika nchi tajiri wanaoweka akiba kwa miaka ili wapate kusafiri juu yake. Wengi wao huelekea Amerika ya Kusini, kwenye milima ya Andes. Hiyo ndiyo safu ndefu kuliko zote juu ya nchi kavu, ikienea kwa kilomita zipatazo 7,000 kutoka Venezuela hadi ncha ya kusini ya bara lile. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Aconcagua, kina mita 6,961, ilhali Kilimanjaro yetu ina mita 5,895. Nchini Peru, njia itokayo mji wa Cusco kwenda Puno huvuka mlima mahali paitwapo La Raya, zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kila pumzi humpa mtu takriban asilimia 60 tu ya oksijeni anayoipata aliyeketi pwani. Msafiri hufunga hema, chakula na nguo za baridi juu ya baiskeli yake, akapanda kutwa nzima, na pengine asipite hata kijiji kimoja.

Basi lingemfikisha msafiri huyo kwa saa chache, naye anajua hivyo. Anachokitafuta kimo ndani ya mwendo wenyewe: kuiona nchi kwa kasi ambayo jicho laweza kuifuata, na kuujua uzito wake mwenyewe kwa kuubeba hadi juu. Sisi watu wa Tanga hatuna haja ya kuvuka bahari kwa ajili ya hayo. Tuna milima ya Usambara.

Safari na amana

Wakati wa likizo ya shule, watu saba wa msikiti wetu tulifunga safari ya baiskeli kutoka Ngamiani hadi Lushoto. Watano walikuwa vijana na watu wazima wa makamo, wa sita ni mimi mwandishi wa makala haya, na wa saba ni mzee mmoja fundi baiskeli ambaye amekaa na spana mkononi kwa zaidi ya miaka 40. Tuliazimia kutumia siku mbili: siku ya kwanza kwenda Mombo kupitia Muheza, Segera na Korogwe, mwendo wa kilomita zipatazo 130, na siku ya pili kuupanda mlima.

Mdogo kuliko wote alikuwa kijana wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Baba yake alifariki dunia miaka miwili iliyopita na kumwachia baiskeli aina ya Phoenix, nyeusi, yenye breki za fimbo na keria ya chuma. Mama yake alipoletewa habari ya safari hakukubali wala hakukataa papo hapo. Alitaka kwanza aelezwe tutalala wapi, tutakula nini, na nani atakuwa mkubwa wa msafara. Alipokwisha kuelezwa, alitoa masharti matatu: mwanawe asiendeshe usiku, asishike lori katika mlima, na asitengwe na wenzake. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: "Ustadh, mtoto ni wangu na baiskeli ni ya marehemu. Vyote viwili nimevitia katika mikono yenu, na vyote viwili nitavidai."

Msomaji anafahamu uzito wa amana, na wa amana ya yatima hasa. Usiku ule tulikutana barazani tukapanga mambo yetu. Tumefundishwa kwamba wasafiri wakiwa watatu na zaidi wamteue mmoja wao awe amiri, na mafundisho hayo yana hekima ambayo mtu huielewa vyema anapokuwa njiani. Wengine walidhani katibu wa msikiti ndiye angefaa. Mimi nilimpendekeza yule mzee fundi, kwa kuwa katika safari ya baiskeli elimu inayohitajika zaidi ni ya kujua chuma kinaposema kimechoka, na ya kujua mtu anapochoka asiseme.

Amri yake ya kwanza iliwashangaza vijana. Alimweka mbele mtu aliye mzito kuliko wote, mfanyabiashara wa nguo mwenye umri wa miaka arobaini na ushei, ili mwendo wake uwe ndio mwendo wetu. Na yule kijana, ambaye miguu yake ilikuwa na nguvu kuliko ya sote, alimweka nyuma kabisa. Kijana alinung'unika kidogo. Mzee akamwambia: "Gurudumu la mbele huonyesha njia, mwanangu, lakini la nyuma ndilo linalobeba mzigo. Wewe ndiye gurudumu letu la nyuma."

Kandokando ya reli

Siku ya kwanza tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Tulipita Kange na Pongwe, na kabla jua halijakolea tulikuwa tumeifikia Muheza yenye machungwa. Njia hii ina historia inayomfaa kila mzazi kuwasimulia watoto wake. Reli inayotoka Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893; ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 ndipo mkonge ulipoletwa nchini na Richard Hindorf, ukitokea upande wa pili wa dunia, na mashamba yake yakaenea kandokando ya reli hiyo. Mtu aliye ndani ya gari huona mistari ya kijani ikipita upesi. Mwenye baiskeli huiona mmoja mmoja, na katikati yake huwaona watu wanaoukata.

Segera ni mahali panapokutana barabara yetu na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Kuanzia hapo magari ni mengi na ya mbio. Amiri alituamuru twende mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kushoto kabisa, na kila tuliposikia lori na basi vikikaribia kupishana tushuke kwenye changarawe bila kungoja kupigiwa honi. Tulifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba sikuzihesabu.

Ndugu wengi waliniuliza tuliporudi: je, mwenye baiskeli ana ruhusa ya kupunguza sala? Jibu ni kwamba ruhusa hufuata safari wala haifuati chombo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu huku pwani, safari inayoruhusu kupunguza ni ya marhala mbili, ambazo wanazuoni wengi wa leo huzikadiria kuwa kilomita 80 na kidogo. Kwa hiyo anayekwenda Muheza na kurudi atasali rakaa zake kamili, lakini sisi tuliokusudia Lushoto tulikuwa wasafiri tangu tulipouacha mji. Adhuhuri na Alasiri tulizisali Korogwe kwa kupunguza na kukusanya. Tulipotafuta kibla hatukusumbuka: Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka kwetu, na mlima tuliokuwa tukiuendea ulikuwa umekaa upande huo huo, umejifunika mawingu.

Mombo tulifika jua halijazama. Waislamu wa pale walitupokea kwa ukarimu, wakatupa mahali pa kulala na maji ya kuoga. Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Mlima unaanza

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami. Kwa gari ni saa moja hivi. Katika kilomita hizo barabara hupanda karibu mita 1,000, na sehemu kubwa ya kupanda huko iko kati ya Mombo na Soni, ambapo njia imechongwa ubavuni mwa mlima, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Ukilinganisha na Andes ni kilima tu. Lakini msafiri wa Andes ana baiskeli yenye gia ishirini na zaidi, na sisi tulikuwa na baiskeli za gia moja, zile zile zinazobeba mkaa na ndoo za maji.

Tulianza saa moja kasorobo asubuhi, baada ya chai, mihogo na maharage. Dua ya kupanda chombo tuliisoma kwa pamoja. Kwa muda wa robo saa tuliendesha tukiwa tumekaa vitini. Kisha tukasimama juu ya pedali, kisha mmoja baada ya mwingine tukashuka na kuanza kusukuma. Mzee alikuwa wa kwanza kushuka, naye alifanya hivyo kwa makusudi, ili asiwepo wa kuona haya. "Baiskeli ikikubeba mchana kutwa," alisema, "na wewe ibebe saa mbili. Hapana aliyemdhulumu mwenzake."

Kusukuma baiskeli mlimani ni kazi yenye adabu zake. Mikono hushika usukani na kiti, mwili huegemea mbele, na hatua huwa fupi. Amiri aliamuru tupumzike kila baada ya kona tatu, tunywe maji hata kama hatuna kiu, kwa maana mtu anayefanya kazi ya nguvu katika joto hupoteza kiasi cha nusu lita hadi lita nzima ya maji kwa saa, na kiu humjia akiwa amekwisha pungukiwa. Yeye mwenyewe alikuwa na chupa ya maji aliyotia sukari, chumvi na limau, nayo hakuigusa. Alimpa kijana aibebe huko nyuma.

Malori yanayopanda na kushuka hapo ni mengi. Yanayoshuka huwa yamejaa kabichi, karoti, viazi na pilipili hoho kwa ajili ya masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Yanayopanda huwa matupu na huenda polepole mno, na hapo ndipo penye kishawishi. Kijana akiona kamba inaning'inia nyuma ya lori linalotembea kwa mwendo wa mtu, mkono humwasha. Hushika, akavutwa hadi juu pasipo jasho. Lakini lori likifunga breki ghafula, au likirudi nyuma hatua mbili dereva anapobadilisha gia, hapana nafasi ya kujiokoa. Mama wa kijana wetu alilijua hilo, maana marehemu mumewe alikuwa utingo katika ujana wake.

Watano badala ya saba

Ilikuwa yapata saa tatu asubuhi. Kwa kuwa sasa tulikuwa tunasukuma, utaratibu wetu ulilegezwa kwa idhini ya amiri: kila mtu aende kwa hatua zake, lakini tukusanyike katika kila kituo. Tulifika kwenye kona yenye kivuli tukaketi. Mzee akahesabu. Tulikuwa watano.

Waliokosekana ni yule mfanyabiashara wa nguo na kijana. Tulingoja dakika tano, kisha kumi. Lori moja tupu likapita likipanda, tukatazama nyuma yake: hapakuwa na mtu aliyeshika. Likapita la pili. Moyo wangu ulikuwa unadunda kwa sababu ambayo msomaji anaielewa. Vijana wawili wakataka kushuka mbio na baiskeli zao kwenda kutazama. Amiri akawakataza kwa sauti kali ambayo hatukuwahi kuisikia kwake: "Mkishuka kwa pupa nitakuwa na wanne wa kuwatafuta." Akaniagiza mimi niache baiskeli yangu, nishuke kwa miguu, nikikaa upande wa ukuta.

Nilishuka kona ya kwanza, nikashuka ya pili. Katika kona ya tatu niliwaona. Yule ndugu yetu alikuwa anatembea kwa kuchechemea, mkono mmoja umeshika paja, kwa maana misuli ilikuwa imemkaza. Kijana alikuwa anasukuma Phoenix ya baba yake. Alipofika hatua kama hamsini mbele aliiegemeza kwenye mwamba, akatia jiwe nyuma ya gurudumu, kisha akageuka, akashuka, akaifuata baiskeli ya mwenzake na kuisukuma hadi pale pale. Alipomaliza alimngoja mgonjwa, akampa chupa anywe, kisha akaanza tena. Kila sehemu ya mlima ule alikuwa anaipita mara tatu: kupanda, kushuka, na kupanda tena.

Nilisimama kidogo bila ya kuwaita.

Baadaye yule ndugu alinieleza yaliyotokea. Misuli ilipomkaza aliketi chini hawezi kusimama. Kijana alimnyoosha mguu, akampa maji ya chumvi na sukari. Lori moja lilisimama na dereva, kwa wema wake, akasema ana nafasi ya mtu mmoja mbele, lakini baiskeli hazipakii. Ndugu yetu hakutaka kuiacha baiskeli yake, hivyo alimwambia kijana: "Panda wewe mwanangu, wafikie wenzako uwape habari, mimi nitakuja taratibu." Kijana akamjibu, "Ami, mimi niliwekwa nyuma. Nikipanda, nyuma atakuwa nani?" Dereva akacheka, akaondoka.

Tulipowafikia wenzetu kivulini hapakuwa na lawama. Mzee alimpapasa mgonjwa mguu, akaamua kwamba kupanda kwake kwa miguu kumekwisha. Daladala inayokwenda Lushoto ilipofika tulifunga baiskeli yake juu ya kibanda, akakaa dirishani, akatuambia atakuwa ametuagizia chakula. Mmoja wa vijana alianza kumtania. Amiri akamtazama mara moja tu, akanyamaza.

Soni, Vuga na Lushoto

Tulifika Soni kabla ya saa sita. Hapo maji huporomoka juu ya miamba karibu na barabara, na hewa hubadilika. Wajuzi wanasema kwamba joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mtu apandapo mita 1,000. Sisi hatukuhitaji kipimo. Mashati yaliyolowa jasho yalianza kututetemesha. Kina mama wa Kishambaa walikuwa wameketi na vikapu vya peasi, na mboga ambazo huku kwetu huzioni ila zimekwisha nyauka. Tulikula ndizi na peasi, tukanywa chai yenye tangawizi.

Vuga, uliokuwa mji mkuu wa wafalme wa Kilindi, iko katika milima hiyo hiyo ya karibu na Soni. Si vibaya vijana wetu wakijua kwamba habari za utawala huo ziliandikwa na Mwislamu wa pwani, Abdallah bin Hemedi, aliyefanya kazi kwa chifu Semboja kule Mazinde, chini ya mlima, katika karne ya 19, kisha akaandika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Kabla ya reli na kabla ya lami, watu wa pwani na watu wa mlima walikuwa wakipandiana na kushukiana kwa miguu, wakibadilishana bidhaa, ndoa na elimu. Njia tuliyoipita kwa taabu ya siku moja, wao waliipita kama sisi tunavyokwenda sokoni.

Kutoka Soni hadi Lushoto mteremko na mpando hupokezana, na tuliweza tena kukaa vitini. Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, imekaa bondeni kwenye kimo cha karibu mita 1,400, imezungukwa na misitu na mashamba ya ngazi. Tuliingia mjini wakati adhana ya Adhuhuri imekwisha, tukawahi jamaa. Kwa kuwa imamu alikuwa mwenyeji, tulikamilisha rakaa nne pamoja naye, kama inavyompasa msafiri anayemfuata mkazi. Kisha Alasiri tukaisali wenyewe rakaa mbili. Ndugu yetu mgonjwa alikuwa katika safu ya kwanza, ameketi juu ya kiti cha plastiki.

Baada ya sala nilimpigia simu mama wa kijana. Nilitaka kumweleza habari yote ya mlimani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Amekula?" La pili, "Baiskeli nzima?" Nilipomjibu yote mawili ndipo nikamsimulia kile nilichokiona katika kona ya tatu. Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Hivyo ndivyo alivyokuwa baba yake," akaniaga.

Kushuka kuna hatari kuliko kupanda

Kesho yake tulishuka. Wengi hudhani kushuka ni kustarehe, lakini fundi wetu alikuwa na wasiwasi zaidi asubuhi ile kuliko ya kupanda. Alikagua kila baiskeli, akabadilisha raba za breki za mbili, akakaza kamba za mizigo. Kisha akatufundisha mambo manne ambayo nayaandika hapa kwa faida ya kila familia yenye kijana wa baiskeli.

La kwanza, breki isishikwe mfululizo. Ibanwe, iachiwe, ibanwe tena, kwa magurudumu yote mawili, maana ukibana la mbele peke yake kwa nguvu baiskeli hukurusha juu ya usukani. La pili, mwendo upunguzwe kabla ya kona, usipunguzwe ndani ya kona. La tatu, kila baada ya kilomita chache msafara usimame, kwani msuguano huipasha moto ringi na raba ikilainika haishiki. Alitugusisha ringi kwa ncha ya kidole tulipofika Soni, na hapana aliyetaka kurudia. La nne, nafasi kati ya baiskeli na baiskeli iwe ndefu kuliko lori.

Katika kushuka alimtanguliza yule kijana. Alisema aliyejua kungoja nyuma anaweza kuaminiwa mbele. Alituongoza hadi Mombo kwa mwendo wa polepole mno, kiasi kwamba vijana wengine walilalamika. Hakugeuka kuwasikiliza.

Nini tuwaambie wazazi

Tangu turudi wazazi kadhaa wamenijia. Baadhi wanataka watoto wao wachukuliwe safari ijayo; wengine wananilaumu kwa kuwatia vijana katika hatari ya barabara kuu. Wote wawili wana haki. Barabara ina hatari, na asiyekagua breki, asiye na nguo ya kuonekana, anayesafiri usiku au anayeshika malori hafai kuruhusiwa hata kama ni mtu mzima. Lakini iko pia hatari ya kumlea kijana ambaye hajapata kuona mtu mzima amechoka, hajapata kungoja, wala hajapata kukabidhiwa mtu amtunze.

Si lazima kuanza na mlima. Mapango ya Amboni, yaliyo katika miamba ya chokaa kilomita chache tu kutoka mjini, ni safari ya asubuhi moja. Tongoni, kusini kwetu kwenye barabara ya Pangani, kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo ambayo wazee wetu waliyajenga karne nyingi zilizopita, na baba anaweza kwenda na wanawe na kurudi kabla ya Alasiri. Kina mama nao wameuliza kuhusu mabinti. Mji ambao wanawake wake wamekuwa wakiendesha baiskeli kwa stara miaka yote hauna sababu ya kuwanyima mabinti zake safari ya namna hiyo wakiwa na mama zao na walimu wao wa kike.

Inshaallah msafara wetu ujao utakwenda Tongoni. Tutaondoka msikitini baada ya Alfajiri, na kila anayetaka kwenda alete baiskeli yake siku moja kabla ikaguliwe. Mzee fundi atakuwepo na spana zake. Wa kukaa nyuma amekwisha teuliwa: ni yule ndugu yetu mfanyabiashara wa nguo. Aliiomba nafasi hiyo mwenyewe.